Kumsaidia Mama Aliyeacha Biashara ya Ngono Aanze Upya na Watoto Wake: Mwongozo kwa Wasaidizi wa Dodoma

Mwongozo huu unawahusu watu wanaokutana uso kwa uso na mama aliyeamua kuacha kujiuza: vikundi vya akina mama vya makanisani na misikitini, viongozi wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maofisa wa kata, na ndugu ambao binti yao amepiga simu akisema amechoka. Umeandikwa kwa kuitazama Dodoma, mji ambao tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016 umepanuka kwa kasi, pamoja na miji ya barabarani kama Kibaigwa na Manyoni, ambako malori hulala na biashara ya usiku hufuata malori.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni nini kitangulie nini. Chumba, chakula na mtu wa kukaa na watoto hutangulia mtaji. Misaada mingi huanza kinyume chake: mama anakabidhiwa cherehani wiki ya kwanza, picha zinapigwa, kodi inaisha mwezi wa pili, na cherehani inauzwa ili mwenye nyumba alipwe. Waliotoa cherehani husema kwamba mama yule hakuwa na nia, wakati kilichomshinda ni kodi ambayo hakuna aliyeipigia hesabu.

Kabla ya kumsogelea mtu yeyote

Kubalianeni kwanza ndani ya kikundi juu ya lugha na siri. Maneno kama "changudoa" hayana nafasi, hata mama mwenyewe asipokuwepo, kwa sababu neno lililozoeleka kikaoni litaponyoka sokoni mbele ya mtoto wake. Watu wawili tu, au watatu, wanatosha kujua alikotoka. Wengine wote katika kikundi wanahitaji kujua kwamba kuna mama mwenye watoto anayesaidiwa kuhamia mtaa mpya, na hilo peke yake ni kweli tupu.

Msimwombe atoe ushuhuda madhabahuni, msimpige picha, na msiweke masharti kwamba msaada utatolewa akishaokoka au akishasilimu. Najua wapo wanaoona ushuhuda kuwa njia ya kumtukuza Mungu, lakini mwanawe anasoma shule ileile na watoto wa wale waliokaa kwenye viti wakisikiliza, na habari iliyotolewa hadharani haiwezi kurudishwa.

Tenganisheni pia mtu mzima na mtoto. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwake hakuna kinachoitwa kuamua kuacha au kuendelea: ametendewa uhalifu, nanyi mna wajibu wa kutoa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Wasichana waliochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani au uhudumu wa baa, kisha wakalazimishwa kulala na wateja, wanalindwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, hata kama wanasema walikuja kwa hiari yao.

Mazungumzo ya kwanza

Mkutane mahali anapochagua yeye, mchana, na watoto wakiwa wameshikwa na mtu anayemwamini. Asiulizwe aliingiaje. Ataeleza siku akitaka, na asipotaka kabisa kazi inaendelea bila hiyo simulizi. Mnachohitaji kujua ni kinachomshikilia leo: ana deni la nani, nani anashikilia simu au kitambulisho chake, yuko mwanamume anayechukua fedha zake, watoto wako wapi usiku, anatumia dawa gani, na nani atakasirika akiondoka.

Swali la deni lisipite haraka. Wengi hukopa kwa wanaotoa mikopo ya "kausha damu", yaani ya riba ya kunyonya, na wengine wanadaiwa vyumba, nguo na pombe na mwenye gesti au mwenye danguro. Andikeni kila deni, kisha myatenganishe. Mkopo aliochukua kwa hiari yake kwa mtu au taasisi inayojulikana unaweza kujadiliwa upya na kulipwa kidogokidogo, huku mtu wa kikundi akiwa shahidi. Deni lililobuniwa ili kumfunga asiondoke ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine na anayeendesha danguro, na kwa hiyo mdai wa namna hiyo mara nyingi hana ujasiri wa kwenda mahakamani, ingawa anaweza kutisha na kupiga. Palipo na tishio la kipigo, mpango wa kuondoka upitie kwanza kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia. Msitume akina mama wawili wenye kanga kwenda kumkabili mtu mwenye mabaunsa. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mawakili wanawake wa TAWLA wanaweza kutoa ushauri bila malipo kwa asiye na uwezo.

Siku ya kuondoka abebe kadi za kliniki za watoto, matangazo ya vizazi au vyeti, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kadi ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) kama anayo, na dawa zake zote. Nguo na vyombo vinapatikana tena. Karatasi hizi zikibaki, mtamaliza miezi mkizunguka ofisini.

Chumba

Tafuteni chumba kwenye mtaa mwingine kabisa, karibu na shule na kisima au bomba, na mbali na baa. Msijenge wala kupanga nyumba moja ya kuwaweka wanawake wengi pamoja ikiwa hamna wataalamu na ulinzi. Nyumba ya namna hiyo hujulikana mtaani ndani ya mwezi mmoja, watoto hupachikwa jina, na wateja wa zamani hupata pa kuwatafuta. Chumba cha kawaida, katika nyumba ya wapangaji wa kawaida, humfanya awe jirani kama jirani mwingine.

Hesabu yake ifanywe kwa ukweli. Tuseme mama ana watoto wawili na amepata chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, hiyo ni 300,000. Dalali akitaka kodi ya mwezi mmoja, ni 50,000 nyingine, na godoro, jiko, ndoo na vyombo vichache vikigharimu 150,000, basi nusu milioni imekwisha kabla mtu hajala. Chakula, maji, mkaa na nauli kwa shilingi 8,000 kwa siku ni 240,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni 720,000. Jumla ni 1,220,000, na bado hakuna hata senti ya mtaji. Kikundi chenye milioni moja na nusu kinaweza kumsaidia mama mmoja ipasavyo, au kuwagawia akina mama watano laki tatu tatu na kuwaona wote wakirudi barabarani. Nawasihi mchague mmoja, mmalize, kisha mwanze na wa pili.

Mkataba wa pango uandikwe kwa jina lake, na fedha azilipe kwa mkono wake huku akipokea stakabadhi. Akishahamia, aende mwenyewe kujitambulisha kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa barua ya mtaa itahitajika karibu kila mahali baadaye. Fedha ya chakula mpeni kwa wiki. Aliyezoea kupata na kutumia siku hiyohiyo hupata tabu kutunza fedha ya mwezi mzima, na kumpa zote mara moja ni kumtwisha mtihani ambao hata watumishi wa mishahara huwashinda.

Watoto

Hapa ndipo wasaidizi wengi hupita haraka, na hapa ndipo nawaomba mkae zaidi.

Mtoto wa mama aliyefanya kazi usiku amekuwa na usiku wake mwenyewe. Pengine alifungiwa ndani na mdogo wake, akajifunza kutolia na kutofungua mlango. Pengine alilala kwa bibi wa jirani aliyelipwa kwa siku, au alilala katika gesti ileile, nyuma ya pazia. Mama akianza kulala nyumbani, msitegemee kwamba mtoto atafurahi mara moja. Ataamka mara tatu kuhakikisha mama yupo, atakojoa kitandani, na yule mkubwa aliyekuwa akiwapikia wadogo atakataa kuamrishwa, kwa kuwa alikuwa ndiye mama wa nyumba. Mwambieni mama mapema kwamba hayo huja na hupita, ili asidhani kuwa watoto wamemkataa. Ratiba isiyobadilika husaidia kuliko mahubiri: saa ileile ya kula, saa ileile ya kuoga, mama akiaga kila anapotoka na kusema atarudi saa ngapi, kisha arudi saa hiyo. Yule mkubwa asinyang'anywe kazi zote kwa siku moja. Aachiwe moja anayoipenda, nyingine zirudi kwa mama polepole, naye apate muda wa kucheza.

Atauliza pia, au atasikia. Jibu liwe la kweli na liendane na umri wake. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema kwamba mama alikuwa akifanya kazi ya usiku iliyokuwa ngumu na ya hatari, na ameiacha ili alale nyumbani. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye tayari amesikia, mama anaweza kusema kwamba yapo mambo aliyofanya ili wapate kula, kwamba hakuna hata moja lililokuwa kosa la mtoto, na kwamba anaruhusiwa kuuliza. Uongo mkubwa, kwa mfano kwamba mama alikuwa nesi, huanguka siku ya ugomvi wa kwanza shuleni.

Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe mwezi wa kwanza. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mpango wa usajili wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hutoa cheti bila malipo katika ofisi ya mtendaji wa kata na katika vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto. Kwa mkubwa zaidi, maombi hupitia RITA katika ofisi ya wilaya, kwa kutumia tangazo la kizazi, kadi ya kliniki au vielelezo vingine. Baba asipojulikana, au asipokuwepo kukiri, mtoto husajiliwa bila jina lake. Msimshauri mama aandike jina la kubuni ili aepuke aibu ya dakika tano dirishani, kwa sababu jina hilo litamfuata mtoto hadi kwenye kitambulisho cha taifa na mirathi. Baba anapojulikana na si mtu wa hatari, Sheria ya Mtoto inamruhusu mama kudai matunzo kupitia ustawi wa jamii na, ikibidi, mahakama ya watoto. Baba akiwa ndiye aliyekuwa akimnyanyasa, au mwenye danguro, madai hayo yasubiri hadi mama awe salama, kwa kuwa hati ya madai humwonyesha baba huyo mahali mama alipo.

Shule ya serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, haina ada tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula vinahitaji fedha, na mtoto asiye na sare hujificha nyumbani. Barua ya uhamisho iombwe kwa mwalimu mkuu wa shule aliyotoka. Aliyepitwa na umri wa kuanza anaweza kuingia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa. Binti aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi tangu Novemba 2021, na kwa mama mwenyewe ambaye hakumaliza sekondari kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Ulizeni nafasi za mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambao huwapokea wanawake waliokatisha masomo na kuwaruhusu kuja na watoto wao wadogo. Mwalimu wa malezi na unasihi anaweza kuambiwa kwamba familia imepitia kipindi kigumu. Zaidi ya hapo hahitaji kujua.

Angalieni dalili za mtoto aliyeguswa vibaya: maumivu akikojoa, hofu ya mwanamume fulani, michezo ya kingono isiyolingana na umri wake. Kama tukio ni la karibuni, afikishwe hospitali haraka bila kuogeshwa na bila nguo zake kufuliwa, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Mtu mmoja aliyemzoea amsikilize mara moja, na asihojiwe upya na kila mjumbe wa kikundi.

Kuhusu kumpeleka mtoto makao ya watoto ili mama ajipange kwanza, msimamo wangu ni kwamba hilo liwe la mwisho kabisa na liamuliwe na ustawi wa jamii. Wanawake wengi wameingia na kuvumilia biashara hii kwa ajili ya watoto. Ukimtenga na mtoto, umemwondolea sababu kubwa ya kuamka asubuhi.

Afya

Aliyeanza dawa za ARV asikose hata dozi moja kwa sababu ya kuhama. Aombe barua ya uhamisho katika kliniki yake ya CTC, na kama aliondoka ghafla, aende kliniki ya karibu aeleze, nao watamhudumia. Ambaye hajapima apime, watoto pia. Akikutwa na maambukizi, tiba huanza mara moja bila kusubiri kinga ishuke. Apimwe pia kaswende, homa ya ini aina ya B na dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, na binti zake wenye miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV, inayokinga saratani hiyo.

Pombe iulizwe bila lawama, kwani wengi walikunywa ili waweze kuvumilia kazi. Mtu anayekunywa sana kila siku asiambiwe aache ghafla peke yake chumbani: mwili unaweza kutetemeka, akaona vitu visivyokuwepo, au akapata degedege, na hilo linaweza kuua. Apelekwe hospitali. Dodoma ina bahati ya kuwa na Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na aibu ya jina lake mtaani isiwazuie, maana kukosa usingizi, kushtuka na sonona baada ya miaka ya kupigwa ni magonjwa yenye tiba.

Kipato

Anzeni baada ya miezi miwili au mitatu, watoto wakiwa wametulia shuleni. Kazi ya kwanza iwe ya kuingiza fedha kila siku, hata kidogo, kuliko ufundi utakaomlipa baada ya mwaka. Genge la mboga, mihogo ya kukaanga, uji wa asubuhi, kufua kwa familia, au chakula cha mafundi kwenye maeneo ya ujenzi huko Mtumba, kwenye mji wa serikali, vinafaa. Mjaribishe kwa shilingi 30,000 kwa wiki mbili, akiandika alichonunua na alichouza, kabla ya kumwongezea. Msiseme atapata kile alichokuwa akipata zamani. Huenda akapata nusu, na ni vizuri alijue hilo kutoka kwenu.

Kazi zifuate majira ya huku kwetu. Mvua ni moja, kati ya Desemba na Aprili, na mboga zinazokuwa tele wakati huo hupanda bei kiangazi, kwa hiyo anayejifunza kukausha mlenda na majani ya kunde wakati wa neema ana cha kuuza baadaye. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mashamba huhitaji mikono. Ufundi wa VETA (vyuo vya ufundi stadi) uje baada ya hapo, akiwa na kitu cha kumlisha wakati wa masomo. Kazi ya baa au gesti msimtafutie, hata ikiwa inalipa.

Aingie VICOBA vilivyopo mtaani, pamoja na akina mama wengine, ajifunze hisa na marejesho. Baada ya kukaa kwenye kikundi kilichosajiliwa anaweza kunufaika na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Kaya yenye hali mbaya sana ipelekwe kwa mtendaji, aulizwe kuhusu utambuzi wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini.

Ndugu

Mara nyingi nyumbani, Singida au Kondoa au kwingine, kuna wazazi wanaoishi kwa fedha alizokuwa akituma, wakidhani anafanya kazi hotelini. Akiacha, fedha zinakoma, na simu za lawama huanza. Mshaurini aseme mapema kwamba amebadilisha kazi, kipato kimepungua, na atatuma kidogo kwa kipindi. Kama ni lazima kusuluhisha jambo zito, atafutwe shangazi au mama mdogo anayejua kutunza neno, aende kwanza peke yake. Mama mwenyewe ndiye atakayeamua kama ndugu wataambiwa, na lini.

Akirudi nyuma

Wengine hurudi kwa siku au kwa wiki, na nyakati zenyewe zinatabirika: kodi ya pili, mtoto akilazwa, Januari ya sare, na kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapojaza mji wageni na simu za zamani zikaanza kuita. Tengeni mapema akiba ya dharura ya shilingi 100,000 kwa kila mama, ambayo mtu mmoja aliyeteuliwa anaweza kuitoa siku hiyohiyo bila kikao. Pangeni kumtembelea mara nyingi zaidi katika miezi hiyo, na mama atakapotaka abadilishe laini ya simu, mmoja wenu amsindikize kwa wakala.

Akishakwenda, asifukuzwe kwenye VICOBA wala asinyimwe sare za mtoto. Mpigieni, muulizeni kama yuko salama, kama ana kondomu na kama dawa zake zipo, na mama asiye na VVU muelezeni kuhusu PrEP, dawa ya kinga inayotolewa katika vituo vya afya. Akirudi kwenu, kaeni tena na daftari, mtazame ni gharama gani iliyomsukuma, na hiyo ndiyo ianze kuwekwa kwenye bajeti ya miezi mitatu inayofuata.